Kelele ya gari ya koperative: pale inapoingia, moshi na maji vinaingia pia



Kwenye numero hii hatutasema juu ya mbolea wala juu ya mbegu. Tutasema juu ya gari yenye kubeba hiyo mbolea, hizo mbegu, na nyinyi wenyewe. Koperative nyingi kwetu, kando ya Ziwa Kivu na kule Bonde la Ruzizi, ziko na minibisi moja ya zamani. Mara nyingi ni Toyota HiAce yenye ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi fasi ingine. Siku ya soko inabeba watu. Wakati wa kahawa, viti vya nyuma vinatoka na magunia ya parshe yanaingia. Na kila mutu anajua namna inalia: ukipanda Minova, mpaka ufike Bukavu masikio yanapiga ngoma.

Wengi wanasema: "Gari ni ya zamani, tufanye nini?" Kuna mengi ya kufanya, na sehemu kubwa haiombi feza nyingi. Lakini kazi hii iko na mupango wake. Ukiruka hatua, unapoteza feza bule. Sisi wenyewe tuliruka, kwa hiyo tuanze na kosa letu.

Kosa letu

Koperative moja ya kahawa yenye tunafuata ilituomba shauri. Shofere wao, papa mwenye amekaa miaka mingi kwenye usukani, alikuwa ameanza kujibu "Unasema nini?" kwa kila neno. Mama mumoja naye alisema kila akikaa kiti cha nyuma kabisa, kichwa kinamuuma na mutoto wake anatapika. Sisi tukasema ni barabara mbaya na uzee wa gari. Tukawashauri wanunue tapi na musi nyembamba ya godoro, watandike chini na pembeni, kisha washone viti upya. Gari ikapendeza. Kelele ikapunguka kidogo. Watu wakatushukuru.

Mvua ikaja. Maji yakaingia kwa mulango wa nyuma, musi ikayanywa, na ikabaki imelowa chini ya tapi bila mutu kuona. Kiisha miezi miwili, harufu ya uvundo ilikuwa ndani mote, na tole ya chini ilianza kuliwa na kutu. Kahawa ya parshe yenye ililala humo usiku mumoja ikafika kwa mununuzi ikiwa na ile harufu, na bei ikashuka. Na yule mama? Kichwa kiliendelea kumuuma, sababu eshapema ilikuwa imepasuka, na moshi ulikuwa unaingia kwa mulango ule ule wa nyuma.

Hapo njo tulielewa. Tulifunika alama ya ugonjwa, ugonjwa wenyewe tukauacha. Tundu moja lilikuwa linaingiza vitu vine: kelele, moshi, vumbi na maji. Kuanzia siku hiyo, koperative ikituambia gari yao inalia sana, tunatafuta matundu kwanza. Tapi inakuja mwisho.

Kelele inafanya nini ku masikio

Kelele inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wanatumia kipimo hiki: mutu anaweza kukaa katika kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, asipite hapo. Kila ikipanda desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2 tu. Hauna chombo cha kupimia? Jaribu hivi: kaa karibu na mwenzako, umbali wa mukono mumoja. Kama unalazimika kupaza sauti ili akusikie, fahamu kama kelele imefika kile kipimo ao imekipita.

Abiria anasafiri mara moja kwa juma. Shofere yuko humo kila siku. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye kupokea sauti, na zikikufa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Na kuongeza sauti ya redio ili kufunika kelele ya gari ni kuongeza kelele juu ya kelele. Kumutia shofere pamba masikioni pia si dawa: anapaswa kusikia oni za magari mengine na mutu mwenye kuita kando ya barabara.

Hatua ya 1: Kujua kelele inatoka wapi

Chagueni kipande kimoja cha barabara mwenye munakijua muzuri. Shofere aendeshe, mutu mwingine asikilize, akihama kiti kwa kiti. Yule wa kusikiliza asiwe shofere. Muangalie mambo matatu:

– Gari ikisimama na injini ikikanyagwa, kelele iko? Basi inatoka kwa injini ao kwa eshapema.

– Inapanda pamoja na mwendo, hata mukibadilisha vitesi? Basi ni pine, rulema ao upepo.

– Inasikika tu kwenye mashimo na mawe? Basi kuna kitu kimelegea: amortisere, kiti, mulango, jeki, ao bidoni yenye kuzunguka nyuma.

Simu zingine ziko na programu ya kupima desibeli. Haipimi sawa kabisa, lakini inasaidia kulinganisha mbele na nyuma ya kazi. Mupime kwenye barabara ile ile, mwendo ule ule, muzigo ule ule, kisha muandike kwenye kaye.

Hatua ya 2: Moshi, mbele ya vyote

Hii haingoje feza ya mwaka kesho. Moshi wa injini uko na hewa moja ya sumu, monokside ya karboni. Haina rangi, haina harufu. Inaleta kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi, na ikizidi inaua. Abiria mwenye kusema "gari hii inanilevya kila siku" asichekwe.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washeni gari hapo inje. Mutu mumoja azibe mwisho wa eshapema kwa kitambaa kinene chenye kulowa maji, kwa sekunde chache tu. Mwingine asikilize kando ya bomba lote: pale panapolia "sssss" njo kuna ufa. Muangalie pia alama nyeusi za masizi kwenye viungo. Ufa unapelekwa kwa fundi wa sudire ao kipande kinabadilishwa. Kuzungusha waya na kitambaa si matengenezo.

Kwenye HiAce zenye kuzunguka kwetu, injini iko chini ya viti vya mbele. Ukiinua kiti, unaiona. Kifuniko hicho kiko na kauchu kuzunguka pembe zake. Kauchu ikiisha ao kufuli zikilegea, kelele, joto na harufu ya mazutu vinapanda moja kwa moja kwa miguu ya shofere. Kubadilisha kauchu hiyo ni kazi ndogo, na mara nyingi tofauti inasikika siku ile ile.

Jambo lingine tunaliona sana: muzigo ni murefu, mulango wa nyuma unafungwa nusu kwa kamba. Gari ikienda, hewa ya nyuma inavutwa ndani pamoja na moshi wote wa eshapema. Kufungua dirisha moja mbele hakuondoi hatari hiyo. Kama muzigo hauingii, ufungwe juu ao ungoje safari ingine.

Hatua ya 3: Magurudumu na vitu vyenye kulegea

Pine zenye meno makubwa zinavuma zaidi kuliko zenye meno madogo. Kama gari iko na kazi ya matope, hatuwezi kuziacha. Lakini pitisheni kiganja juu ya pine: ukisikia meno yamelika kama musumeno, kelele inatoka hapo, na shida inaweza kuwa hewa mbaya, amortisere zenye kuisha, ao magurudumu yenye hayanyooke. Hewa iwekwe kufuatana na kibandiko cha gari, mara nyingi kiko kwenye mulango wa shofere.

Rulema yenye kuisha inanguruma na kelele inapanda pamoja na mwendo. Kwenye barabara nyoofu na tupu, mwendo ukiwa wa polepole, mupindishe usukani kidogo kuume na kushoto. Kama ngurumo inapanda mukipinda kuume, mushuku rulema ya kushoto, sababu uzito umeelekea kule. Kisha gari iinuliwe muzuri, mushike gurudumu juu na chini, mulitikise. Likicheza, mumwite makanika. Rulema yenye kuvunjika njiani ni ajali, kelele ni onyo yake.

Mumalizie na funguo mukononi: mukaze bulo za viti, bawaba za milango, vioo, plafo. Jeki na funguo vifungwe kwa kamba ya shambrea. Kazi ya nusu siku, bila feza.

Hatua ya 4: Kuziba matundu

Kuna majaribio matatu, kila mutu anaweza:

1. Karatasi. Weka karatasi kwenye mulango, funga, kisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, pale hapazibi. Zunguka mulango wote, kila kiganja kimoja.

2. Torshe. Usiku, mutu mumoja akae ndani na torshe, mwingine inje. Mwangaza ukipita, vumbi inapita.

3. Maji. Mumwangie maji juu ya milango na vioo, polepole, mwenzenu akiangalia ndani.

Mbele ya kununua kauchu mupya, muangalie kama mulango umeshuka kwenye bawaba. Mara nyingi kunyoosha bawaba na kufuli kunatosha. Kama kauchu imekauka ao imepasuka, mutafute mupya ao ile nzima kutoka gari yenye kuvunjwa. Matundu ya kutu kwenye tole ya chini yakatwe na yafungwe kwa sudire na tole mupya, kisha rangi ya kuzuia kutu. Mastike peke yake juu ya kutu haidumu. Pale nyaya na kebo zinapita mukuta wa injini, murudishe vizibo vya kauchu.

Angalisho: chini ya kila mulango na chini ya kizingiti cha gari kuna vitundu vyenye viliwekwa na kiwanda ili maji yatoke. Hivyo musivizibe! Muvizibue kwa kijiti. Mwenye kuviziba anafuga maji ndani ya tole.

Hatua ya 5: Kunyamazisha tole

Sasa tu njo tunafika kwa vifaa vya kubandika. Gonga tole kwa kidole. Ikilia "ngoo" kama sufuria tupu, inatetemeka na kuimba pamoja na injini. Ikijibu "pu", imenyamaza.

Dawa yake ni karatasi nzito za butili zenye alumini upande mumoja. Hauhitaji kufunika tole yote. Kufunika robo mpaka nusu ya kila kipande, katikati pale panapotetemeka zaidi, kunaleta sehemu kubwa ya faida, na gari haibebi uzito wa bule. Muanze na sehemu ya juu ya magurudumu, kisha chini, kisha milango, mwisho plafo. Tole ipanguswe kutu na mafuta, ikauke kabisa, kisha karatasi ikandamizwe kwa nguvu na chupa yenye kuviringika.

Kama karatasi hizo hazipatikane ao bei inazidi, shambrea za zamani za kamio zinasaidia, maana shambrea nazo kwa kawaida zinatengenezwa kwa butili. Haziwezi kufikia zile za dukani, lakini zikikatwa, zikioshwa na kubandikwa sawasawa kwa kole, tole inaacha kuimba. Kole inanuka: gari ikae milango wazi siku kazaa mbele ya kubeba chakula.

Musitumie gudroni ya barabara ao ya paa. Kwenye jua inalainika, inanuka, na harufu inaingia katika kahawa. Musitumie musi ya godoro: inakunywa maji, na ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Musitumie magunia yenye yalibeba dawa za mimea, hata yakioshwa. Na musibandike kitu chenye kuwaka karibu na injini ao juu ya eshapema.

Juu ya tole, mutandike mukeka wa plastiki wenye hauingize maji, ule kama wa kulalia kambini, kisha juu yake kauchu nzito ya kutandika chini. Musiibandike. Iweze kuinuliwa kila mwezi ili muone tole. Kama ile tapi yetu ingekuwa ya kuinuliwa, tungeona maji juma la kwanza.

Hatua ya 6: Kusafisha ndani

Mutoe viti na vyote vyenye kutandikwa. Mufagie vumbi kwanza ikiwa kavu, kisha mupanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Viti vya kitambaa: sabuni kidogo, maji kidogo, brashi laini, kisha jua kali siku mbili. Maji mengi yanabaki ndani ya kiti na kuleta uvundo. Kwa harufu, munyunyize bikarbonate ya kupikia, mulaze usiku kucha, asubuhi mupige brashi. Skai ni nzuri kwa gari yetu kuliko kitambaa, sababu inapanguswa matope na haishike harufu.

Mikanda ya viti ioshwe kwa sabuni laini tu. Javele inaharibu nyuzi. Na javele isichanganywe hata kidogo na vinegre: mchanganyiko huo unatoa gazi ya sumu. Kama dawa ya mimea ilimwangika kwenye tapi, tapi hiyo itoke kabisa. Mutu avae gani, na musiioshe mutoni.

Viti vikirudi, bulo zikazwe kwa nguvu. Kiti chenye kulegea kinafanya kelele siku ya kawaida, na kinaua siku ya ajali.

Kahawa na mbegu zinasikia kila kitu

Kahawa ya parshe, yenye mumekausha kwa shida mpaka unyevu wa asilimia 11 ao 12, inavuta unyevu na harufu kama sponji. Mazutu, uvundo, kole, hata marashi yale ya kutundika mbele ya kioo, vyote vinaweza kusikika ndani ya kikombe. Kwa hiyo gari ya kahawa haihitaji kunukia. Inahitaji kutonuka kitu.

Mbegu nazo zinachoka kwa joto na unyevu. Maharagwe ya mbegu mwenye mulichukua INERA Mulungu, yakiwekwa juu ya kifuniko cha moto cha injini, ao juu ya tapi yenye kulowa, yanaweza kufika mazima kwa macho lakini yasiote muzuri. Na dawa za mimea zisisafiri pamoja na watu wala chakula ndani ya gari iliyofungwa, hata kama chupa zimefungwa.

Feza na majira

Kazi hii ifanywe mwezi wa 7 na wa 8. Kahawa imekwisha kutoka, kiangazi inakausha tole na viti, na mvua za mwezi wa 9 hazijafika. Komite igawe matumizi kufuatana na hatua: kwanza moshi na rulema, sababu ni roho za watu; kisha kauchu za milango na sudire; kisha tole; mwisho viti na mapambo. Feza ikiishia katikati, mutakuwa mumefanya yenye lazima. Ukianza na viti, ikiisha, utabaki na gari nzuri yenye sumu.

Ile koperative ya mwanzo ilikubali kurudilia kazi pamoja nasi, kwa huo mupango. Tapi yetu ilitupwa. Papa shofere masikio yake hayakurudi, na hilo hatuwezi kulitengeneza. Lakini kijana mwenye anamusaidia sasa anazungumza naye njiani bila kupiga kelele. Na yule mama anakaa nyuma na mutoto wake, wanafika bila kutapika.

Tukumbuke

– Mutu akisema kichwa kinamuuma ndani ya gari, muangalie eshapema siku hiyo hiyo.
– Mulango wa nyuma haufungwe nusu.
– Kuziba ni mbele ya kubandika. Kubandika ni mbele ya kupamba.
– Vitundu vya kutoa maji viachwe wazi.
– Kitu cha kutandika chini kiinuliwe kila mwezi.
– Ndani ya gari ya kahawa: hakuna marashi, hakuna mazutu, hakuna dawa za mimea.

Mukifanya kazi hii kwenu, muandike kwenye kaye ya gari yale mulikuta na feza yenye ilitumika, na muwasomee wanamemba kwenye mukutano mukubwa. Gari ni ya wote, na masikio ya shofere ni ya mwenzetu.